Mchukuzi wa samaki aliyechutama maili ya ishirini na tatu

Jua ndilo kwanza linachungulia pwani ya Waa, na Chirau Garama amekwisha kupanga samaki wake. Tasi chini, changu juu, kisha mwani uliolowa maji ya chumvi, kisha jani la mgomba. Anafunga pakacha la kwanza, anafunga la pili, anayatundika kwenye ncha mbili za mzega, anauinua begani na kuutikisa kidogo asikie kama uzito umelingana. Hufanya hivyo kila siku, kwa mpango ule ule.

Anapiga hatua sita. Sauti inatoka nyuma ya ngalawa zilizopandishwa mchangani.

"Chirau, mkweo huyo."

Chirau hafikiri. Anaruka nje ya njia, anatua mzega, anachutama na kuelekeza uso kwenye kichaka. Pwani nzima inaangua kicheko. Hakuna mkwe wala kivuli cha mkwe. Yupo Chande tu, mvuvi wa ngalawa ya pili, ameshika mbavu na machozi yanamtoka.

"Ni mara ya tatu wiki hii," Chirau anasema huku akijipangusa mchanga magotini. Anajaribu kukasirika, lakini mdomo unamsaliti, naye pia anacheka. "Wallahi, Chande, siku moja samaki hawa utawanunua wewe wote."

Tangu Jumapili ya kwanza ya mwezi uliopita, Oktoba 1957, hakuna mtu kuanzia Likoni mpaka Msambweni asiyejua habari za Chirau na mkwewe. Wengi wanazisimulia kwa kucheka. Wachache wanajua kwamba jambo lenyewe halijaisha.

Ndani ya kibindo cha shuka lake mna barua iliyokunjwa mara nne. Imetoka kwa kamati ya michezo ya Mombasa. Inasema kwamba nafasi moja imepatikana katika kikosi cha wakimbiaji sita watakaokwenda Nairobi mwezi wa Desemba, na kwamba nafasi hiyo ni yake akiitaka. Jibu linatakiwa kesho, Ijumaa, kabla ya saa sita.

Chirau hajajibu.

Ana miaka thelathini na mmoja, na huu ni mwaka wake wa nane wa kuchukua samaki wabichi kutoka Waa hadi Kwale. Ni kama maili tisa, na nusu ya pili yote ni kupanda. Hubeba ratili sitini, naye sharti afike mlimani kabla ofisi za serikali hazijafunguliwa saa mbili, wakati wake za makarani wanapotoka kutafuta kitoweo. Siku njema humletea shilingi tatu. Bahari ikichafuka hapati kitu, na hapo yeye, mkewe Mwanatumu na watoto wao watatu hula muhogo wa shamba lao.

"Samaki hakungoji," anasema. "Ukitembea, anafika amelegea. Ukikimbia ovyo, mapakacha yanakupiga magoti na mzega unakuumiza bega. Lazima ukimbie jinsi mzega unavyotaka. Unapopanda, wewe unashuka. Unaposhuka, wewe unakwisha kutoka hapo."

Ukimwona anakimbia unaelewa. Miguu inakwenda upesi, hatua ni fupi, lakini kichwa kimetulia kama cha mtu aliyekaa kitini. Mapakacha ndiyo yanayocheza.

Aliyemgundua ni Mwalimu Abdurahman, anayefundisha Kwale. Asubuhi moja mwezi wa Mei mwalimu alikuwa akipanda kutoka Kombani, ameshuka kwenye baiskeli na kuisukuma kwa sababu ya ukali wa kilima.

"Akanipita na mapakacha mawili begani," mwalimu anakumbuka. "Akanipa shikamoo, akaniuliza hali ya nyumbani, akaniuliza watoto, akangoja nimjibu yote. Kisha akaenda zake. Mimi nilikuwa sina hata pumzi ya kusema marahaba."

Kesho yake mwalimu alimngoja na saa mkononi. Alirudia kumpima kwa wiki mbili, halafu akaandika jina la Chirau katika orodha ya mbio za marathoni za Mombasa, maili ishirini na sita. Alipomweleza habari hizo, Chirau alisikiliza kwa makini, kisha akauliza atakuwa amebeba nini. Mwalimu akamwambia hatabeba chochote. Chirau akauliza, basi watu wanakimbilia nini?

Jibu la swali hilo ndilo lililomfanya akubali. Sita wa kwanza Mombasa wangekwenda Nairobi, na huko Nairobi watatu wa kwanza wangepewa baiskeli. Chirau hakuiwaza kama chombo cha kupandia. Aliiwaza na mapakacha mawili nyuma. Kwa baiskeli angeweza kupita Kwale na kuteremka hadi Kinango, ambako watu hula papa mkavu na ng'onda mwaka mzima, na wengi hawajapata kuonja samaki aliyevuliwa siku hiyo hiyo.

Palikuwa na taabu moja tu, nayo ni mavazi. Wakimbiaji huvaa kaptura fupi, na Chirau hakuweza kukubali kutembea mjini na mapaja wazi. Fundi wa Kombani alimshonea kaptura ya kitambaa cha marekani iliyovuka magoti na kufika karibu na katikati ya muundi. Pale Tononoka, mahali pa kuanzia, mabaharia na askari walimzunguka kuitazama. Mmoja alimwuliza kama baba yake anajua kwamba amechukua suruali yake.

"Nilimwambia anajua," Chirau anasema, "na kwamba amenituma nimrudishie mapema."

Walikuwa wakimbiaji themanini na wanne. Filimbi ilipulizwa saa moja asubuhi, na watu wakatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Chirau hakuwa ameona watu wazima wengi hivyo wakikimbia kwa pamoja bila kufukuzwa na kitu. Maili ya kwanza aliikimbia akicheka peke yake.

Taabu ilianza upesi. Bila mzega bega lilikuwa jepesi mno, mikono haikujua pa kukaa, na alijiona kama anayumba. Walipokaribia daraja la Nyali alikuwa nyuma kabisa, katika watu wa mwisho mwisho.

Daraja lile huelea juu ya maji. Miguu zaidi ya mia ilipolikanyaga kwa pamoja lilianza kupanda na kushuka, na wakimbiaji wakaanza kujikwaa. Wengine walishika ukingo. Askari mmoja mrefu aliketi kitako akiapa kwamba hatasogea mpaka litulie.

Chirau aliposikia zile mbao zikipanda chini ya nyayo, mwili wote ulifahamu.

"Ilikuwa ni mzega," anasema, na macho yanang'aa. "Mzega mkubwa kuliko yote, na mimi niko juu yake. Unapanda, nashuka. Unashuka, natoka. Mikono ikapata pa kukaa yenyewe. Sikuhesabu niliowapita."

Waliohesabu wanasema walikuwa thelathini na mmoja, kwenda tu. Wakati wa kurudi kutoka Kisauni alipita wengine kumi na wawili juu ya daraja hilo hilo. Toka hapo hakupoteza tena mwendo ule. Aliubeba mpaka Changamwe na kurudi, akaubeba Kilindini, akaubeba Kizingo kwenye jua la saa tatu lililoyeyusha lami ikashika vidole vya miguu yake mitupu. Kila kona alipita mtu. Kila aliyempita alimsalimia.

Alipoingia Mwembe Tayari, katika maili ya ishirini na tatu, alikuwa wa nne.

Watu walijaa pande zote mbili za barabara, na wengi walikuwa wa kwao, waliovuka kwa kivuko cha Likoni tangu alfajiri. Walikuwa wakimwita kwa jina. Wanawake walipiga vigelegele. Mtu alitwanga debe. Zilibaki maili tatu, kuzunguka Makupa na kuingia Tononoka, naye alikuwa bado na nguvu.

Ndipo alipomwona mama mkwe wake.

Bi Mbodze, mamake Mwanatumu, alikuwa amesimama mbele kabisa, ukingoni mwa lami, hatua kumi mbele yake upande wa kushoto. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda Likoni kumwangalia dada yake mgonjwa.

Katika mji wa kina Chirau, mume hakutani na mama mkwe njiani. Akimwona kwa mbali huacha njia, huchutama na kuelekeza uso kwingine mpaka mama apite. Si woga, ni heshima, na mtu aliyelelewa hivyo hafanyi kwa kuamua. Miguu humfanyia.

Miguu ilimfanyia. Chirau aliacha barabara, akapenya katikati ya watu, akachutama mbele ya duka la vitambaa na kukazia macho ukuta.

Shutu, mpakuzi wa mizigo bandarini anayekaa Majengo, alikuwa akikimbia nyuma yake kidogo.

"Nilimwona akitoka mbio kama mtu aliyeitwa," Shutu anasimulia. "Nikasema basi, jua limemwingia kichwani, maskini. Nikampita. Nilipogeuka yuko vile vile, ananyanyua mkono anawakataza watu wasimguse."

Alikuwa na sababu ya kuwakataza. Kanuni ilisema kwamba mkimbiaji akiguswa kwa kusaidiwa ametoka katika mbio, na watu wawili wa huduma ya kwanza walikuwa wamekwisha kumwona. Walikuwa wakija na machela.

"Ana nini?" mmoja aliuliza.

"Mkwe," Chirau alijibu akiutazama ukuta.

"Anaumwa wapi?"

Mtu wa Tiwi aliyekuwa karibu akaanza kuwaeleza, na mwingine akamsahihisha, na mara uchochoro mzima ukawa unajadili kama mkwe wa mjini ahesabiwe sawa na mkwe wa njiani. Mkimbiaji wa tano alipita. Wa sita akapita, na wa saba, Shutu, naye akapita. Machela yakawekwa chini, yakainuliwa tena.

Dawa ilikuwa moja tu, Bi Mbodze aondoke. Na Bi Mbodze alitaka kuondoka kuliko mtu yeyote aliyekuwapo Mwembe Tayari siku hiyo. Alijaribu kurudi nyuma, akakuta ukuta wa watu. Alijaribu kwenda kulia, akakuta gari la polisi. Kuvuka barabara ndiyo kabisa, maana hapo angempitia mkwewe mbele ya macho.

Mwishowe alivua leso ya mabegani, akajifunika kichwa chote hadi kiunoni, akageuka akaipa barabara mgongo, na kuwaambia wanawake waliokuwa karibu naye wamwambie yule kijana kwamba yeye hayupo.

Mwanamke mmoja akapaza sauti. "Hayupo!"

"Hayupo!" wakaitikia wa nyuma. Neno likaruka upande wa pili wa barabara, likapanda kwenye roshani, wakalidaka watoto, wakalidaka watu wasiojua hata ni nani asiyekuwapo. Mwembe Tayari yote ilikuwa ikipiga kelele kwa sauti moja, hayupo, hayupo, hayupo.

Chirau aliinuka. Wakati huo Shutu alikuwa wa sita, tena ametangulia mbali.

Wanaokumbuka maili tatu zile wanazisimulia wakiwa wamesimama. Wanasema hakukimbia tena kwa hatua fupi. Kaptura ndefu ilikuwa ikipepea kama tanga, na kila alipopita kelele za hayupo zilimtangulia kona inayofuata. Makupa alikuwa hatua mia moja nyuma ya Shutu. Langoni mwa Tononoka zilikuwa ishirini. Kwenye kamba ya mwisho zilikuwa tatu.

Chirau alikuwa wa saba.

"Hatua tatu," Shutu anasema, na anaonyesha kwa mkono sakafuni, kutoka mlangoni hadi kitandani kwake. Mguu wake wa kulia umefungwa bendeji. Aliuvunja kifundo wiki mbili baadaye katika mchezo wa mpira, na hatakimbia tena mwaka huu. Ni yeye aliyekwenda kwa kamati kwa mkongojo kusema nafasi yake apewe nani. "Sikumshinda yule bwana. Nilimpita amechutama."

Barua ikaandikwa. Mwalimu Abdurahman aliipeleka Waa mwenyewe Jumatatu jioni. Alitarajia furaha. Chirau aliisoma mara mbili, akashukuru, akaikunja.

Kwani tangu siku ya mbio, Bi Mbodze hajatuma neno. Zamani hakuna wiki iliyopita bila salamu zake, mkate wa mofa kwa watoto, au kuuliza kama Chirau amepona kikohozi. Salamu hizo zilipitia kwa Mwanatumu, kama kawaida ya wakwe, lakini zilifika. Sasa zimekatika.

Chirau anaijua sababu, au anadhani anaijua. Mama aliona miguu yake. Kaptura ilivuka magoti aliposimama, lakini mtu akichutama nguo hupanda. Mama alijifunika leso kwa aibu, akampa mgongo. Hivyo ndivyo alivyoelezwa na waliokuwapo.

"Amenipa binti yake," anasema, na sasa hacheki. "Nikimwaibisha mara ya kwanza ni bahati mbaya. Nikienda Nairobi kuvaa vile tena, nitakuwa nimekusudia. Baiskeli naitaka, Mungu anajua. Lakini siwezi kuipanda nikipita mlango wa mtu aliyeninunia."

Mwanatumu amemwambia mara nyingi kwamba mama hakununa. Chirau humjibu kwamba mke mwema husema lolote ili mumewe alale.

Nyumba ya Bi Mbodze iko nusu maili juu ya barabara, yenye ua wa makuti na mikorosho miwili nyuma. Mwenyewe ni mama mwembamba, mwenye sauti ndogo, na huongea akichambua mboga ili asitazamwe usoni. Hafichi kitu akiulizwa na mwanamke mwenzake. Dada yake wa Likoni hakuwa mgonjwa. Aliaga vile kwa sababu mama mkwe hawezi kusema anakwenda kumtazama mkwewe akikimbia. Alitoka nyumbani gizani, akakopa nauli ya basi, akafika Mwembe Tayari mapema ili apate mahali pa mbele.

"Nilikuwa nimejipanga," anaeleza. "Nikimwona anakuja nirudi nyuma, nichungulie katikati ya watu. Basi akaja. Mwanangu, sijapata kuona mtu anakimbia namna ile. Nikasahau. Nikasimama pale kama mti mpaka akaniona."

Toka siku hiyo hakujua atume salamu gani. Kila aliyoifikiria ilikuwa ndogo. Mtu amekosa Nairobi kwa ajili yako, unamtumia mkate wa mofa? Akanyamaza wiki ya kwanza, na wiki ya pili kunyamaza kukawa kugumu kuvunja kuliko ya kwanza. Anaogopa kwamba Chirau hamtaki tena, na kwamba anachutama kwa desturi tu.

Leo ni Alhamisi, siku ambayo Chirau humletea samaki. Ni utaratibu wa tangu alipooa. Akirudi kutoka Kwale hubakisha changu wawili, hufika uani alasiri, huwatundika kwenye mwimo wa lango, hupiga hodi moja na kuondoka kabla mtu hajatoka.

Mwanatumu amekuja kumsaidia mamake kupepeta mpunga. Ungo uko mikononi mwake hodi inapopigwa.

Kwa desturi hujibiwa na watoto. Leo watoto wamekwenda chuoni kusoma Kurani, na hodi inabaki hewani. Upande wa pili wa makuti unasikika mzega ukitikisika, mtu akigeuka aende zake.

"Mwambie mumeo," Bi Mbodze anamwambia binti yake upesi, "mwambie angoje."

"Angoje," Mwanatumu anapaza sauti. Mzega unatulia.

Bi Mbodze ameshika jani la mchicha na hajui alifanyie nini. Anamwambia Mwanatumu amwambie mumewe kwamba habari za Nairobi zimemfikia. Mwanatumu anatua ungo.

"Mwambie mwenyewe, mama. Yuko hapo, anakusikia."

"Desturi gani hiyo?"

"Ukuta upo. Hamwonani."

Kuku anaingia kwenye mpunga na hakuna anayemfukuza. Chirau, kule nje, bila shaka amekwisha kuchutama.

Bi Mbodze anainuka. Anakwenda mpaka kwenye makuti, karibu kabisa, anajitanda leso vizuri kana kwamba anaonekana, na sauti yake ndogo inatoka kubwa kuliko mwenyewe alivyotaka.

"Chirau, baba, sikwenda Likoni siku ile. Nilikwenda kukuangalia wewe, na nilifurahi mpaka nikasahau kurudi nyuma. Peleka jibu, uende Nairobi. Na ukiniona huko barabarani, usinipishe. Pita."